Unacheza nyeusi na unataka kushambulia? Uzi wa King's Indian kwa wachezaji wa kawaida

Kete Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wapenzi wa chesi wasogee karibu.

Kuna swali halikauki humu: mtu amechoka kujikunyata kila anapopewa nyeusi, anataka naye ashambulie. Majibu anayopewa karibu yote ni mitego. Cheza hiki, akikosea hapa umemmaliza kwa hatua nane. Mimi napinga njia hiyo, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Chukueni gambiti ya Englund (unatoa askari mapema ili upate mashambulizi), maana ndiyo inayosambaa sana kwenye video fupi. Maana ya herufi nimeieleza hapo chini. 1.d4 e5 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2. Nyeupe ikiona malkia anainyemelea ngome ya a1, ikaharakisha 6.Bc3, inajibiwa 6...Bb4 na mchezo umekwisha: 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1, mfalme kafa. Inapendeza kweli. Lakini Nyeupe ikitoa farasi tu, 6.Nc3, hatua ambayo mtu anaweza kuicheza bila kusoma chochote, Nyeusi inabaki na malkia anayezurura kambi ya adui peke yake, kete karibu zote zimelala nyumbani, na mfalme bado yuko katikati. Ufunguzi wa namna hiyo unategemea mwenzako asijue. Ukianza kukutana na wanaojua, huna kitu mkononi.

King's Indian, ufunguzi wa Nyeusi dhidi ya 1.d4, ni habari nyingine. Mwenzako anajua utakachofanya, wewe unajua atakachofanya, na bado mfalme wake yuko hatarini, kwa sababu shambulizi linatokana na jinsi askari walivyojipanga ubaoni. Ukielewa mpango, utaucheza mwaka huu na utaucheza hata kiwango chako kikishapanda sana.

Kabla hatujaendelea: nitatumia herufi zilezile zinazoandikwa na programu. N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme. Hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari. x ni kula, + ni cheki, ! ni hatua nzuri, na nukta tatu (...) ni hatua ya Nyeusi. 0-0 ni pale mfalme anapohamia pembeni na ngome inamruka.

Mpangilio wenyewe ni huu:

1.d4 Nf6 2.c4 g6 3.Nc3 Bg7 4.e4 d6 5.Nf3 0-0 6.Be2 e5 7.0-0 Nc6 8.d5 Ne7

Hapo mwanzo Nyeusi inamwachia Nyeupe katikati yote. Wanaoona mara ya kwanza wanashtuka: askari watatu wa Nyeupe wamesimama c4, d4, e4, sisi tumejipanga nyuma tu. Msishtuke. Farasi yuko f6, askofu yuko g7, mfalme keshahifadhiwa, ndipo tunapiga e5. Nyeupe ikisukuma d5, katikati imefungwa. Askari wa d5 na e4 wanatazamana na askari wetu wa d6 na e5, hakuna anayesogea.

Hapo ndipo mchezo unapoanzia. Katikati ikifungwa, vita vinahamia pembeni. Tazama askari wako wanaelekea wapi: d6 na e5 wanaelekeza upande wa mfalme, basi huko ndiko kwako. Askari wa Nyeupe, e4 na d5, wanaelekeza upande wa malkia, huko ndiko kwake. Yeye atasukuma b4 na c5 aje kukuvunja upande wa malkia. Wewe utasukuma f5, f4, g5, g4 umfuate mfalme. Wote wawili mnakimbia, na kila hatua ina bei. Tofauti ni kwamba yeye akifika kwanza atapata askari mmoja, pengine na ngome. Wewe ukifika kwanza unapata mfalme.

Naomba mchezaji wa kawaida aishike hiyo hata kama mengine yote atayasahau. Ukiogopa kupoteza askari wa a7, ukaanza kurudisha kete nyuma kuzuia upande wa malkia, umeshapoteza mchezo. Upande ule ni wa kwake. Zuia pale tu panapogharimu hatua moja, kisha rudi kwenye kazi yako.

Nitaendelea hapo chini na historia kidogo, kisha mchezo mmoja ambao kila anayetaka kujifunza ufunguzi huu lazima auchezeshe ubaoni kwa mikono yake.

Mzee wa Drafti

Mkuu nakufuatilia. Mimi natokea kwenye drafti, chesi nimeianza ukubwani. Swali langu: kumwachia mtu katikati yote si kujimaliza? Nilifundishwa askari wawili katikati ndiyo sheria namba moja.

Kete Nyeusi

Shikamoo mzee wangu. Sheria uliyofundishwa ni nzuri, na wakubwa waliiamini kwa miaka mingi. Hadi miaka ya 1930 mpangilio huu ulitazamwa kama wa kubahatisha, mtu anaucheza kama hana la kufanya. Waliobadilisha mambo ni vijana wa Ukraine, enzi hizo ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti: Isaac Boleslavsky, Alexander Konstantinopolsky na David Bronstein. Bronstein alikuwa mwanafunzi wa Konstantinopolsky kule Kyiv. Mwaka 1946 timu ya Moscow ilipokutana na ya Prague, Bronstein akiwa na nyeusi aliwapiga Zita na Pachman kwa King's Indian, michezo miwili ambayo mpaka leo inachapishwa. Baada ya hapo hakuna aliyeucheka tena.

Jibu la swali lako ni kwamba katikati hatuiachi, tunaichelewesha. Askari wakubwa wa katikati wanahitaji kulindwa. Ukishamweka askofu g7 na farasi f6, ukapiga e5 kwa wakati wake, Nyeupe lazima iamue: ile, isukume, au iache hivyohivyo. Kila uamuzi una gharama yake. Akisukuma d5 tunapata mbio niliyoeleza. Akila, 7.dxe5 dxe5, mraba wa d4 umebaki tupu na hana askari wa kuulinda tena, kwa sababu wa c na wa e wameshapita. Sisi askari wa c7 bado yupo, akisogea c6 anaifungia Nyeupe mraba wa d5. Hiyo tofauti ndogo, d4 ina tundu na d5 haina, ndiyo uhai wa Nyeusi pale.

Na kwa kuwa umetaja drafti: kule ukiwekewa kete ya kula, lazima ule. Huku hakuna anayekulazimisha. Utaona kwenye mchezo ninaouleta sasa hivi jinsi jambo hilo linavyoamua maisha ya mfalme.

Kete Nyeusi

Tuendelee.

Njia niliyoandika pale juu, ya 8...Ne7, inaitwa Mar del Plata, jina la mji wa pwani wa Argentina. Mwaka 1953 Svetozar Gligorić wa Yugoslavia alimpiga Miguel Najdorf pale kwa nyeusi, akisukuma askari wa upande wa mfalme mmoja baada ya mwingine, na jina likabaki. Baadaye mabingwa wa dunia nao waliuchukua: Fischer aliucheza, Tal aliucheza, na Kasparov aliufanya silaha yake kwa miaka mingi.

Mchezo ninaotaka muupange ubaoni ni Jeroen Piket dhidi ya Garry Kasparov, Tilburg, Uholanzi, 1989. Mashindano hayo Kasparov aliyashinda kwa pointi 12 kati ya 14. Piket alikuwa kijana wa miaka 20, Mholanzi, mchezaji hodari.

Baada ya zile hatua nane za mwanzo (mpangilio wa hatua ulitofautiana kidogo, lakini walifika palepale), wakaendelea:

9.Ne1 Nd7 10.Be3 f5 11.f3 f4 12.Bf2 g5

Simameni hapa. Farasi wa Nyeusi karudi d7, kwa nini? Kumfungulia njia askari wa f. Nyeupe imecheza f3 kulinda e4, sisi tumesukuma mpaka f4, askofu wake karudi f2. Sasa angalia ukuta wetu: d6, e5, f4, na g5. Ni mshale unaoelekea kwa mfalme.

13.b4 Nf6 14.c5 Ng6 15.cxd6 cxd6 16.Rc1 Rf7 17.a4 Bf8 18.a5 Bd7

Mchezaji wa kawaida akifika hapa anapatwa na haraka. Anataka g4 sasa hivi, malkia h4 sasa hivi. Tazameni Kasparov. Ngome inakwenda f7, askofu anarudi f8. Kwa jicho la haraka ni hatua za kujilinda, na kweli zinalinda: askofu wa f8 anamshika askari wa d6 ambaye Nyeupe inamlenga. Lakini hapohapo ngome imepata njia ya kwenda g7, nyuma ya askari wa g. Hatua moja, kazi mbili. Ukiweza kujifunza kitu kimoja tu cha ufundi kwenye uzi huu, jifunze Rf7 na Bf8.

19.Nb5 g4 20.Nc7

Farasi wa Nyeupe kaingia c7, anaitishia ngome ya a8. Ngome nzima! Wengi wetu tungeiondoa, tunacheza Rc8 au Rb8 bila kufikiri mara mbili.

20...g3!

Kasparov hakuigusa. Askari kaingia g3, anamtishia askofu wa f2, na zaidi ya hapo ameipasua kambi ya mfalme.

21.Nxa8 Nh5!

Nyeupe imekula ngome. Na bado Nyeusi haijala kitu, haimli askofu wala haimli farasi aliyejifungia pembeni a8. Inaleta farasi h5. Kwa sababu gani? Malkia wa d8 sasa ana njia safi mpaka h4. Askofu wa f2 akikimbia kwa kula a7, malkia anashuka h4 kutishia h2, Nyeupe inalazimika kucheza h3, na hapo askofu wa d7 anajitoa kafara: Bxh3. Mlango umevunjwa.

22.Kh1 gxf2 23.Rxf2 Ng3+!

Farasi anajitupa kwenye mdomo wa askari wa h2. Nyeupe ikila kwa hxg3, tunajibu fxg3, ngome ya f2 inatishiwa na malkia anakuja h4 kwa cheki. Mfalme hana pa kukimbilia. Piket akaona, hakula.

24.Kg1 Qxa8

Sasa, na sasa tu, malkia anamla yule farasi wa a8. Hesabuni: Nyeusi imetoa ngome na askari mmoja, imepata askofu na farasi. Na farasi wa g3 bado kakaa palepale kama mwiba.

25.Bc4 a6 26.Qd3 Qa7 27.b5 axb5 28.Bxb5 Nh1!

Piket akakubali kushindwa. Malkia wa a7 anapiga mstari wote wa mshazari mpaka f2, nyuma yake yupo mfalme g1, hivyo ngome ya f2 haiwezi kuondoka. Farasi akaingia kona ya h1, mraba ambao hakuna mtu hupeleka farasi, ili aishambulie ngome hiyo mara ya pili. Mfalme akimla farasi, malkia anaila ngome.

Mimi mchezo huu naupenda kuliko yote ya King's Indian, na nimeupanga ubaoni mara nyingi kuliko mwingine wowote. Na kwa heshima ya Piket: mwaka 2000 walikutana tena kwenye fainali ya mashindano ya intaneti na safari hiyo Piket ndiye aliyemtoa Kasparov.

Askari wa f5

Aisee huo mchezo ni balaa. Nimeupanga sasa hivi. Lakini mkuu mbona injini (programu ya chesi) inasema Nyeupe iko mbele tangu hatua ya nane? Kuna jamaa kwenye kundi letu anasema King's Indian imekufa, anashangaa watu bado wanaufundisha.

Kete Nyeusi

Mkuu, jamaa yako kaona namba lakini hajacheza na namba. Ni kweli injini haiupendi. Injini inaona nafasi ya Nyeupe upande wa malkia na inajua jinsi ya kujilinda bila kukosea hata hatua moja. Sasa niambie, mtu wa kiwango chetu, saa yake imebaki dakika tatu, askari wako wako g3 na f4, malkia wako kashuka h4, atalinda hatua kumi mfululizo bila kukosea? Nyeupe ikikosea hatua moja upande wa mfalme inakufa. Wewe ukikosea hatua moja upande wa malkia unapoteza askari. Kwa binadamu hizo si hatari sawa.

Hata wakubwa wenyewe wamepishana. Miaka ya 1990 Vladimir Kramnik alikuwa akijibu kwa 9.b4, njia inayoitwa Bayonet, na alimtesa nayo Kasparov mpaka mwishoni mwa miaka hiyo Kasparov akauweka ufunguzi huu kando. Watu wakasema umekufa. Miaka michache baadaye Teimour Radjabov wa Azerbaijan akaufufua, akawa anapiga vigogo nao. Hikaru Nakamura naye kautumia. Sasa kama ulitosha kwa hao, utatusumbua nini sisi?

Mama Ngome

Habari zenu. Mimi nacheza sana mtandaoni, na ukweli ni kwamba hiyo Mar del Plata siioni. Kila ninayekutana naye anacheza askofu f4 na e3, London. Na wengine wanakula e5 na kubadilishana malkia mapema. Hapo nashambulia nini? Nadhani hili ndilo wanaojifunza wengi watalikuta.

Kete Nyeusi

Dada umegusa penyewe kabisa, ahsante.

Tuanze na London. Uzuri wa King's Indian ni kwamba mpangilio wako haubadiliki: Nf6, g6, Bg7, d6, 0-0. Mfano 1.d4 Nf6 2.Bf4 g6 3.Nf3 Bg7 4.e3 d6 5.h3 0-0 6.Be2. Nyeupe imeweka askofu f4 hasa kwa ajili ya kuuchunga mraba wa e5. Basi kazi yako ni moja, kuipata e5 kwa nguvu. Toa farasi Nbd7, mlete malkia e8, kisha piga e5. Askari akifika pale anamfukuza askofu wa f4 na wewe umepata hatua ya bure, ndiyo maana Nyeupe hucheza h3 mapema, apate pa kujificha h2. Ukishaipata e5, kaa ukiangalia: malkia wa e8 anasaidia e5 isogee e4, na baadaye f5 inawezekana vilevile. Usikimbilie kumpiga London kwa hasira. Wanaoicheza wamezoea mtu kuparamia hatua ya tano.

Sasa kubadilishana. 6.Be2 e5 7.dxe5 dxe5 8.Qxd8 Rxd8. Wengi wanakata tamaa hapa, wanaona shambulizi limefutwa. Kwanza jua mtego: Nyeupe ikila 9.Nxe5, unajibu 9...Nxe4! Farasi akila 10.Nxe4, askofu wako wa g7 anamla yule wa e5, mmelingana. Anayejua anacheza 9.Bg5, anakufunga farasi wa f6 na anatishia Nd5. Jibu zuri ni 9...Re8. Akija 10.Nd5, ule: 10...Nxd5 11.cxd5 c6, unamvunja askari wake wa katikati. Asipokuja, cheza c6 mwenyewe, kisha anza safari ya farasi wa b8: a6, c5, e6, halafu d4. Lile tundu la d4 nililomweleza mzee. Farasi akikaa pale hakuna askari wa kumfukuza, na mwenye nyeupe aliyekuja kutafuta sare anajikuta ndiye anayehangaika. Sijali malkia kutoka. Nyeusi kushambulia haimaanishi lazima malkia awepo.

Askari wa f5

Na wale wa f3 wanaopeleka mfalme upande wa malkia halafu wanakuja na g4 h4? Hao ndio wananimaliza.

Kete Nyeusi

Hiyo ni Sämisch, 5.f3. Pale mbio zinageuka, mfalme wake yuko upande wa malkia, wako upande wa mfalme, kwa hiyo mpango wa f5, f4 na g5 hauna maana, hakuna mtu wa kumfuata huko. Piga c5. Hatua ninayoipendekeza ni 5...0-0 6.Be3 c5. Ndiyo, unatoa askari. 7.dxc5 dxc5 8.Qxd8 Rxd8 9.Bxc5 Nc6. Nyeupe ina askari mmoja zaidi, lakini angalia kete zake za upande wa mfalme: askofu yuko f1, farasi yuko g1, na f3 imemziba farasi mraba wake. Zako nyingi ziko kazini na askofu wa g7 ataanza kupumua. Watu wengi hawapendi kula huyo askari. Wakisukuma d5 badala yake, unapata mchezo wa c5 dhidi ya d5, na unasukuma e6, a6, b5 kuelekea alipo mfalme wake.

Wale wa askari wanne, 5.f4, dawa ni hiyohiyo: 5...0-0 6.Nf3 c5 7.d5 e6. Ukuta mkubwa, unaupiga kwenye miguu.

Kanuni ninayojiwekea: kama Nyeupe imefunga kwa d5 na mfalme wake yuko g1, napeleka f5. Kama mfalme wake hajulikani anakwenda wapi, naanza na c5. Kama katikati iko wazi, f5 siigusi kabisa, kwa sababu ukifungua mshazari wa a2 hadi g8 mfalme wako anabaki uchi.

Mzee wa Drafti

Nimeelewa zaidi sasa. Mwanangu, hebu nieleze na yule askofu wetu wa c8, anayetembea miraba myeupe. Mbona kwenye michezo mingi anakaa nyumbani tu, haonekani akifanya lolote?

Kete Nyeusi

Mzee wangu, umeuliza swali la mtu anayeona mbali. Huyo askofu anayekaa kimya ndiye kete muhimu kuliko zote za Nyeusi kwenye mpangilio huu.

Yuko c8 lakini mshazari wake unakwenda mpaka h3, palipo mlango wa mfalme. Kafara nyingi za King's Indian zinatokea hapo, Bxh3. Pia anachunga e6. Ukishasukuma f5 mraba wa e6 hauna askari wa kuulinda, na farasi wa Nyeupe anapenda sana kuruka kuingia pale. Wanaojua kucheza dhidi yako watafanya kila njia wabadilishane na huyo askofu, wakijua akiondoka shambulizi lako linabaki na makelele tu. Kwa hiyo usimtoe kwenda g4 kubadilishana na farasi wa f3 kwa sababu tu umeona nafasi, mpango ukiwa ni mbio za f5. Mwache akae. Siku ya kazi utamwona.

Na jambo jingine watu wanalolikosea ni wakati wa kula f5. Umesukuma f5, Nyeupe imekula exf5. Una chaguo la kula kwa farasi au kwa askari wa g. Mara nyingi kula kwa askari, gxf5, japo linaonekana linamfungua mfalme wako. Sababu ni mraba wa e4: askari wa f5 anaulinda, farasi wa Nyeupe hapati kukaa. Ukila kwa farasi, e4 inakuwa nyumba yake na shambulizi limekwisha.

Mama Ngome

Mkuu, mimi nina mtoto wa miaka 14 anapenda chesi kupita kiasi. Naweza kumwanzishia huu au ni mzito? Na ajifunzeje, maana kukariri hatua ishirini hawezi.

Kete Nyeusi

Mwanzishie dada, wala usimkaririshe. Fanya hivi: panga ubao kuanzia baada ya 8...Ne7, nafasi ileile ya katikati kufungwa. Mchezeni hapo wewe na yeye, dakika kumi na tano kila mmoja, halafu mbadilishane rangi. Lichess ni bure na inaruhusu kuanzisha mchezo kutoka nafasi yoyote, unampangia tu. Akicheza nyeupe mara kadhaa ataona mwenyewe jinsi askari wa f4 na g5 wanavyotisha, na akirudi nyeusi atawapeleka bila kuambiwa. Baada ya kila mchezo muulize swali moja: nani alifika kwanza, na ni hatua gani ilipotezwa? Akianza kujibu hilo bila kuangalia injini, ndipo umwonyeshe Piket na Kasparov.

Na mwonyeshe Tal. Mwaka 1960 kule Moscow, mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia, Tal akiwa na nyeusi dhidi ya bingwa Botvinnik alitoa farasi kafara f4 kwenye hatua ya 21. Ukumbi ulilipuka kwa makelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Ilikuwa King's Indian. Tal akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 23. Kijana wa miaka 14 akisikia hilo hutamlazimisha kufungua ubao.

Dhidi ya 1.e4 ni somo jingine, King's Indian ni ya d4, c4 na Nf3. Anayetaka tuzungumzie e4 afungue uzi wake, nitachangia.

Askari wa f5

La mwisho kutoka kwangu. Ile 9.b4 ya Kramnik, sisi wadogo tunaijibuje?

Kete Nyeusi

9...Nh5. Farasi hapiti d7 safari hii, anakwenda moja kwa moja pembeni akilenga f4, na njia ya askari wa f imefunguka hapohapo. Nyeupe kawaida inajibu 10.Re1, ili farasi akitua f4 askofu wa e2 arudi f1 badala ya kuliwa. Wewe 10...f5. Itakuja 11.Ng5, farasi anaitamani e6, unarudi 11...Nf6 kuipiga e4. Hapo Nyeupe lazima ilinde kwa f3 au Bf3, na yule askofu wa c8 bado anaichunga e6. Ichezeni hiyo nafasi kwanza kabla ya kusoma zaidi, halafu leteni michezo yenu hapa tuichambue, hasa mliyopoteza.